Bastola ndogo, mikono miwili

Picha ya Mturuki Yusuf Dikeç akilenga shabaha huku mkono mmoja ukiwa mfukoni ilizunguka dunia nzima wakati wa Olimpiki ya Paris ya 2024. Wengi walidhani ni mbwembwe. Kumbe kanuni za mchezo ule zinaruhusu mkono mmoja tu, na ile ilikuwa bastola ya upepo, isiyo na teke la kutaja. Bastola ya baruti ni habari nyingine, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa korofi. Uzito wake hautoshi kumeza msukumo wa risasi, kwa hiyo wote unaishia kwenye kiganja.

Mikono miwili ilipata heshima huko Big Bear, California, kwenye mashindano yaliyoanzishwa na Jeff Cooper, askari wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani. Washindani walikuwa wakichomoa na kufyatua kutoka kiunoni, haraka haraka, na risasi nyingi zikipotea. Jack Weaver, ofisa wa sherifu wa Los Angeles, akaamua kuinua bastola hadi usawa wa macho na kuikamata kwa mikono yote miwili. Mwaka 1959 akawashinda. Cooper mwenyewe akaacha mtindo wake wa kiunoni, akaanza kufundisha ule wa Weaver.

Mshiko wenyewe ni huu: mkono wenye nguvu ukae juu kabisa nyuma ya mpini, lakini usivuke njia ya kipande cha juu kinachorudi nyuma kwa kasi; kikikuta nyama ya gumba, kitaichana. Kidole cha mwisho mara nyingi hukosa pa kushika. Kikunje chini ya mpini, usihangaike nacho. Kiganja cha pili kijaze nafasi iliyobaki ubavuni, vidole vyake vikifunika vile vya kwanza, chini kidogo ya kikingio cha triga. Kosa ninaloliona sana, hata kwenye filamu, ni kukinga mpini kwa chini kama sahani ya kikombe cha chai. Mkono huo hauzuii chochote.

Magumba yote mawili yalale upande mmoja, yakielekea mbele. Kwa bastola ya silinda, yarudishwe nyuma: kati ya silinda na mtutu kuna upenyo unaotema gesi ya moto inayoweza kujeruhi.

Mkono wa pili ndio ubane zaidi. Ule wa triga ukikaza mno, kidole cha shahada nacho hukakamaa na kuvuta mtutu pembeni. Weaver alisukuma kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine. Miaka ya 1980 wapiga shabaha Rob Leatham na Brian Enos walishinda wakiwa wamenyoosha yote miwili sawasawa. Kwa bastola ndogo, mimi naona mtindo huu wa pili ni rahisi kujifunza.

Mwenye leseni anayekwenda uwanja wa shabaha amwombe mkufunzi amkague mshiko kwanza, bastola ikiwa tupu na kidole kikiwa nje ya triga.