Filamu ya Fedha Kidogo Huanza na Kalamu

Mwaka 2006 Lee Isaac Chung, mwongozaji Mmarekani mwenye asili ya Korea, alikuwa Kigali akifundisha vijana kutengeneza filamu. Yeye na wanafunzi wake hawakuishia kwenye mazoezi ya darasani. Walipiga filamu nzima, Munyurangabo, kwa siku 11, na bajeti yake hutajwa kuwa takriban dola 30,000. Mwaka uliofuata ilioneshwa kwenye tamasha la Cannes, katika kitengo cha Un Certain Regard, ikiwa filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kwa Kinyarwanda.

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu na rafiki zao huulizia kamera kwanza. Mimi huwaomba tuanze na mswada, kwa sababu fedha nyingi huokolewa pale. Tazama hadithi ya Munyurangabo: vijana wawili wanatoka Kigali na panga lililoibwa sokoni, wanapita kijijini kwa wazazi wa mmoja wao, na sehemu kubwa ya filamu inabaki hapo, nyumbani na shambani. Kila mahali papya unapopaandika ni nauli, chakula, ruhusa na saa nyingine za kupanga vifaa. Kwa waigizaji wakuu, Jeff Rutagengwa na Eric Ndorunkundiye, uigizaji haukuwa kazi yao. Chung na mwandishi mwenzake, Samuel Anderson, walikuwa na muhtasari mfupi tu. Mazungumzo mengi yalitoka vinywani mwa waigizaji wenyewe, kwa lugha waliyokulia. Kwa hiyo andika kufuata watu na mahali ulipo napo tayari.

Chung na wanafunzi wake walitumia mkanda wa filamu wa milimita 16. Koili ya futi 400 huisha kwa dakika kama 11, hivyo kila urudiaji una gharama na mazoezi hufanywa kabla kamera haijawashwa. Siku hizi kadi ya kumbukumbu hufutwa ikatumika tena, na hapo ndipo marafiki wanapoumizana: mwongozaji anarudia tukio mara ishirini kwa kuwa haoni kinachopotea. Kinachopotea ni saa za watu wasiolipwa, na wakichoka hawarudi kesho. Jiwekeeni kikomo, urudiaji wa mara nne au tano kwa kila tukio.

Pangeni pia saa za mwanga: Kigali iko kama nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu utosini, macho ya mwigizaji yanazama kwenye kivuli. Picha za nje zipigeni asubuhi na kuanzia saa tisa alasiri. Mchana ingieni ndani, karibu na dirisha. Mvua ikipiga bati mazungumzo hayasikiki, ndiyo maana Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, ni miezi mizuri ya kazi.

Tena kuhusu sauti: kama kuna fedha ya kukodi kifaa kimoja tu, kodini maikrofoni nzuri pamoja na mtu anayejua kuitumia. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe, lakini maneno yasiyosikika humwondoa kitini. Mlio wa pikipiki uliokwisha kuchanganyika na sauti ya mwigizaji ni vigumu sana kuutoa wakati wa kuhariri.

Jambo linalovunja vikundi vingi kuliko ukosefu wa fedha ni mapato yasiyotarajiwa. Filamu inapata tuzo au mnunuzi, na ghafla hakuna anayejua ni mali ya nani. Baadhi ya wanafunzi wa Chung waliendelea pamoja katika kikundi cha watengenezaji filamu cha Almond Tree Films Rwanda, na nanyi mnaweza kudumu hivyo mkielewana mapema. Basi kabla ya kuazima kamera kaeni chini muandike ukurasa mmoja: nani mmiliki, nani anapata asilimia ngapi, jina la nani litatokea wapi, muziki umeruhusiwa na nani. Kila mmoja atie saini na abaki na nakala yake.