Maji Taka Katika Nchi Kame

Maji yaliyokwisha kutumika hayana budi kwenda mahali, na wenyeji wa mji wasipoyatengenezea njia, yatajitafutia yenyewe, nayo aghalabu ni ile ielekeayo kisimani. Korbesa, katika pande za Merti za Kaunti ya Isiolo, ni mji mdogo wa wafugaji wanaoutegemea Ewaso Ng'iro, mto ushukao kutoka miinuko ya Mlima Kenya na Nyandarua, ukakata nyika, ukapotelea katika kinamasi cha Lorian. Hazina kuu ya maji ya ardhini ya Merti, ienezayo mikono yake hata Dadaab na Somalia, imelala mbali chini ya nchi, kwa hiyo hatari ya karibu si yake bali ni ya visima vifupi vya kandokando ya mto, ambavyo mafuriko huvifikishia najisi ya vyoo kwa usiku mmoja.

Wajir imetupa ibra ya kutosha. Huko maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa nchi, hata watu wakalazimika kwa miaka mingi kutumia vyoo vya ndoo, na kipindupindu kikawa mgeni asiyekoma kurudi.

Wako wadhanio kwamba dawa ni kutandaza mabomba. Lakini uchafu ndani ya bomba husukumwa na maji, na nyumba iishiyo kwa madumu machache kwa siku haina maji ya kuusukuma, bomba litaziba. Lifaalo mji kama huu ni vyoo vya shimo vilivyojengewa kuta, matangi ya maji taka kwa shule na zahanati, na gari la kunyonya uchafu ule na kuupeleka penye mabwawa ya kuusafishia.

Mabwawa hayo hayahitaji umeme. La kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, halina hewa, na humo mashapo hutuama na kuozeshwa na bakteria. La pili, lenye kina cha mita 1 hadi 2, huota mwani utoao oksijeni kwa nguvu ya jua. Na katika la mwisho, lisilo na kina kirefu, miale ya jua na ualkali wa maji uletwao na mwani huviua viini vya maradhi, ilhali mayai ya minyoo huzama chini. Nairobi yenyewe husafisha sehemu kubwa ya maji taka yake kwa njia hii huko Ruai, na jua la Isiolo si haba kuliko la huko.

Maji yatokayo yaweza kustawisha miti na majani ya mifugo, lakini kwa hadhari. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji ya kumwagilia mboga ziliwazo mbichi yasizidi yai 1 la minyoo kwa lita. Na kwa mfugaji jambo hili ni zito zaidi, maana ng'ombe alishaye penye kinyesi kisichosafishwa hubeba tegu katika nyama yake, akamrudishia mlaji.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya usafi wa mazingira unaofaa. Basi nawasihi viongozi wa kaunti na wazee wa Korbesa watenge ardhi ya mabwawa sasa, mbali na mto na nje ya njia ya mafuriko, kabla nyumba hazijaitangulia.