Zawadi ya Shangazi: Mashine Gani Yafaa kwa Nywele Zetu?



Tuweke mfano wa jamaa moja ya Lubumbashi. Nazo jamaa za namna hiyo si haba. Binti yao mkubwa ameposwa, na ndoa yake itafungwa kanisani baada ya miezi mitatu. Shangazi yake akaaye Montreal, nchi ya Kanada, amepiga simu: «Mwanangu, nataka kukununulia zawadi ya nywele zako. Huku ziko mashine tatu nzuri: ya kukaushia, ya kutengenezea mitindo, na ya kunyoshea. Chagua moja, uniambie kabla ya Jumapili.»

Basi nyumbani pakawa na mashauri. Binti aitaka ile ya mitindo, kwa kuwa ameiona katika simu yake ikivuta nywele za msichana mmoja na kuzikunja bila kuguswa na mkono. Baba, ambaye ni mwalimu, alipoisikia bei alishika kichwa. «Dola mia tano na zaidi! Mama, fedha hizo ni karo ya wadogo zake.» Mama alinyamaza kwanza, akapapasa kilemba chake. Chini ya kilemba hicho, kandokando ya paji la uso, nywele zimekwisha: ndiyo kazi ya miaka mingi ya kitana cha moto na dawa ya kulainisha. Kisha akasema: «Baba, bei si hofu yangu ya kwanza. Naogopa mtoto asije akawa kama mimi.»

Mama huyo amesema neno la maana kuliko wote. Kwa hiyo leo tutazipima mashine hizo tatu kwa macho yake, tukiuliza mambo matatu: nywele zahitaji kazi gani, zaweza kuvumilia joto gani, na nyumba yetu ina umeme wa namna gani.

UNYWELE NA MOTO

Unywele umejengwa kwa kitu kiitwacho keratini, nacho ndicho kifanyacho hata kucha zetu. Ndani yake mna vifungo. Vingine ni dhaifu: maji huvifungua, joto huvifungua, na unywele ukikauka na kupoa hufungamana tena katika umbo jipya. Vingine ni vya nguvu, navyo hushika mkunjo wa asili. Mashine zote tatu hugeuza vile vifungo dhaifu tu. Ndiyo maana nywele zilizonyoshwa Jumamosi hujikunja tena zikiguswa na mvua ya Novemba: unyevu umevifungua vile vifungo upya. Hakuna mashine, hata ya bei ya ng'ombe, iwezayo kulikomesha jambo hilo kabisa.

Nywele zetu za Kiafrika zina mahitaji yake. Mafuta yatokayo katika ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi hadi nchani, maana njia yake ina kona nyingi. Kwa hiyo ncha hubaki kavu. Tena katika kila kona unywele waweza kukatika. Joto likizidi, magamba madogo yafunikayo unywele huinuka na kuvunjika. Na unywele uliolowa ukibanwa katika pasi ya moto, maji yaliyomo ndani huchemka ghafula, yakaacha mapovu katikati yake. Baadaye hukatika kama jani kavu. Ule mlio wa «chii» ambao wengine hudhani ni dalili ya kazi kuendelea vizuri, ni dalili ya maji kuchemka.

Zamani bibi zetu na mama zetu walipasha kitana cha chuma juu ya makaa. Nani alijua joto lake? Walijaribu juu ya karatasi, wakakisia. Basi shikeni neno hili: sehemu kubwa ya fedha zilipwazo kwa mashine bora za leo hununua kipimo cha joto na nguvu ya upepo. Mashine haiuzi afya ya nywele. Hiyo hutokana na mkono wa mtumiaji.

MASHINE YA KUKAUSHIA

Kazi yake ni kuondoa maji baada ya kuosha. Kampuni ya Dyson, yenye asili ya Uingereza, ilitoa mashine yake iitwayo Supersonic mwaka 2016, ikauzwa Marekani kwa dola 399. Injini yake ndogo imo ndani ya mpini nayo huzunguka hadi mara 110,000 kwa dakika moja. Na chombo cha ndani hupima joto la hewa zaidi ya mara 40 kila sekunde, lisije likapita kiasi. Upepo mwingi na moto wa kadiri: hiyo ndiyo siri yake.

Kwa nywele zilizojikunja sana, mashine ya kukaushia ifaayo ni ile yenye kitana cha meno mapana kiwekwacho mdomoni mwake. Kitana hutanua nywele pole pole huku upepo ukizikausha. Nazo hutoka zimenyoka vya kutosha kwa kusukwa au kwa kufungwa vizuri, bila kubanwa na chuma cha moto. Mashine ya bei ndogo yenye kitana cha namna hiyo yaweza kufanya kazi ile ile, ikiwa mtumiaji ataweka joto la chini, ataishika mbali kidogo na kichwa, wala hataisimamisha mahali pamoja. Itamchukua muda mrefu zaidi. Bali nywele hazitajua jina la kampuni.

MASHINE YA MITINDO

Hii ndiyo iliyomvutia binti yetu. Mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ilitoa mashine iitwayo Airwrap. Imejengwa juu ya jambo lililochunguzwa na mhandisi wa Rumania, Henri Coandă: hewa iendayo kasi kando ya kitu cha mviringo hukifuata na kukizunguka. Nywele zikichukuliwa na hewa hiyo hujizungusha zenyewe juu ya bomba, zikakauka zikiwa zimekunjwa. Joto lake halifiki nyuzi 150. Mwaka 2022 kampuni ya Shark ilitoa FlexStyle, ifanyayo kazi ya kufanana nayo kwa bei ndogo zaidi, ipatayo dola 300.

Ni kazi ya ajabu, wala hatuikatai. Lakini binti atazame tena ile picha katika simu: msichana yule ana nywele za namna gani? Hewa huzichukua kwa urahisi nywele ndefu zilizonyoka au zenye mawimbi. Nywele zilizojikunja sana mara nyingi hazina budi kutanuliwa kwanza kwa kitana au brashi, ndipo zizungushwe. Basi mwenye nywele hizo atatumia zaidi ile brashi na kile kichwa cha kukaushia, na mabomba ya mawimbi yatakaa katika sanduku lake zuri. Je, yafaa kulipa dola mia kadhaa kwa vitu vya kukaa sandukuni?

MASHINE YA KUNYOSHEA

Wengi huiita pasi ya nywele. Ina mabamba mawili ya moto yabanayo nywele. Kampuni ya ghd ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2001, imejulikana kwa pasi zake zishikazo joto moja la nyuzi 185. Mwaka 2023 Dyson ilitoa Airstrait kwa dola 499, isiyo na mabamba ya moto: hunyosha nywele zilizolowa kwa nguvu ya upepo mkali. Pasi za kawaida, kinyume chake, zataka nywele zilizokauka kabisa.

Anunuaye pasi atafute ile ionyeshayo joto kwa tarakimu, si yenye taa nyekundu tu. Kwa nywele nyembamba au zilizodhoofika, nyuzi 150 ni nyingi. Kwa nywele nzito zenye afya, 185 yatosha. Kupita 200 ni kutafuta hasara. Pitisha mara moja kwa utaratibu, baada ya kupaka dawa ya kukinga joto. Madaktari wa ngozi wa Marekani huwashauri wanawake weusi wasinyoshe nywele kwa moto zaidi ya mara moja kwa juma.

Hapa yafaa kusema neno juu ya dawa za kulainisha nywele. Mwezi wa Oktoba 2022 ulitangazwa uchunguzi wa Marekani uliofanywa kwa wanawake 33,497 kwa muda wa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupatwa na kansa ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiozitumia. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa; lakini mama mwenye busara akisikia mbwa akibweka hufunga mlango.

UMEME WA NYUMBANI

Sasa tumefika penye shimo ambalo zawadi nyingi zimetumbukia. Umeme wa Kongo ni volti 220. Umeme wa Kanada na Marekani ni volti 120. Mashine ya moto iliyotengenezwa kwa 120 ikitiwa katika 220, joto lake laweza kuzidi zaidi ya mara tatu: itaungua, au ikiwa ina ulinzi itakataa kuwaka. Vibadilisha umeme vidogo vya wasafiri haviwezi kubeba kazi hiyo, na mashine zenye injini za kisasa hazikutengenezwa kutumiwa navyo. Zawadi ya shangazi ingefika Lubumbashi ikiwa nzima, ikafa siku ya kwanza.

Dawa yake ni kusoma yale maandishi madogo chini ya mashine. Yakisema «100–240 V», itafanya kazi huku na huko. Pasi nyingi nzuri ni za namna hiyo. Yakisema «120 V» tu, ibaki kule. Mashine za kukaushia zinunuliwe Ubelgiji, Ufaransa au Afrika ya Kusini, ambako umeme ni wa nguvu iliyo karibu na yetu.

Tena angalieni wati. Mashine ya kukaushia ya wati 1,600 haiwezi kuwashwa kwa jenereta ndogo ya wati 900. Ikifanya kazi nusu saa hula kilowati-saa 0.8. Pasi hula kidogo zaidi. Nyumba ambayo umeme huja usiku wa manane na kuondoka alfajiri haina budi kulihesabu jambo hili kabla ya kuhesabu dola.

Na mkiona sokoni mashine yenye jina kubwa kwa bei ya sabuni, msifurahi mapema. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MWENYE SALUNI

Kwa mwenye saluni hesabu ni nyingine. Ikiwa mashine ya dola 500 inamletea dola 2 zaidi kwa kila mteja, baada ya wateja 250 imejilipa yenyewe. Lakini ahesabu pia mafuta ya jenereta, na ajue ni nani atakayeitengeneza ikiharibika, maana dhamana mara nyingi hufuata nchi iliponunuliwa. Fundi mwenye pasi mbili za kadiri hasimami kazi moja ikiharibika. Mwenye mashine moja ya ghali hufunga mlango.

SHAURI LETU

Basi tumjibu nini shangazi? Kwa binti huyu, mwenye nywele nzito zilizojikunja, twachagua mashine ya kukaushia yenye kitana cha meno mapana, ya volti 220 hadi 240. Si lazima iwe ile ya bei ya juu. Kama shangazi hawezi kuipata kwa umeme wa namna hiyo, na anunue pasi nzuri yenye maandishi «100–240 V», nayo itumiwe kwa siku kubwa tu. Fedha zitakazosalia zina kazi yake nyumbani. Na siku umeme usipokuwapo, bado ipo njia ya bibi zetu: kufunga nywele kwa uzi usiku, bila kuukaza uzi ukavuta mizizi. Asubuhi zimetanuka, wala hakuna moto uliozigusa.

Na wewe mama, usimfiche binti yako kile kilicho chini ya kilemba. Mwonyeshe, umweleze jinsi kilivyoanza. Nywele zikipungua utosini au kandokando, na ngozi ikiuma au kuwasha, nenda kwa daktari mapema; kwa maana yako magonjwa yaachayo kovu, na mahali penye kovu nywele hazioti tena.

Hatusemi kwamba kunyosha nywele ni dhambi, wala kwamba kuziacha kama Muumba alivyozipa ni ushamba. Msichana wa Kikristu ajipambe kwa furaha siku ya ndoa yake. Lakini asimwonee haya mama yake kwa kumwuliza, wala asimwonee haya shangazi kwa kumwambia: «Shangazi, nashukuru. Tafadhali, kabla hujalipa, nisomee maandishi yaliyo chini yake.» Kuuliza si ujinga. Harusi ni ya siku moja, na kichwa ni cha maisha yote.