Mkesha wa Pasaka Kariobangi

Swali ambalo huulizwa mno kila ukaribiapo mwezi wa Aprili, na ambalo Wakristo wenyewe aghalabu hulijibu kwa kutazamana, ni hili: mbona Krismasi ina tarehe yake isiyobanduka, ilhali Pasaka mwaka huu huangukia Machi na mwaka wa pili ikasogea hata karibu na mwisho wa Aprili? Jawabu lake si gumu kwa mtu aliyezoea kuhesabu siku kwa kuandama kwa mwezi, kama wafanyavyo watu wa pwani tangu kale. Mateso na ufufuko wa Kristo, kwa mujibu wa Injili, vilitukia wakati wa Pasaka ya Wayahudi, nayo hufuata mwezi; na maaskofu waliokutanika katika Mtaguso wa Nikea mwaka 325 walikubaliana kuwa Wakristo wote waiadhimishe sikukuu hiyo siku moja. Kanuni iliyosimama baadaye ni kwamba Pasaka iwe Jumapili ya kwanza baada ya mwezi wa kumi na nne, yaani mwezi mpevu, unaotimia tarehe 21 Machi au baada yake; kwa hiyo haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Mwezi wenyewe si ule uonwao kwa macho, bali ni mwezi wa majedwali, na kwa sababu hiyo Wakristo wameepukana na ule ubishi wa nani ameuona na nani hakuuona. Ubishi wao ni mwingine: tangu Papa Gregori wa 13 alipoirekebisha kalenda mwaka 1582, Makanisa ya Mashariki mengi yamebaki na hesabu ya zamani, ndiyo maana mwaka 2024 Wakatoliki na Waprotestanti wa Nairobi walisherehekea tarehe 31 Machi, na Wahabeshi waishio mjini humu wakangoja hadi 5 Mei. Mwaka 2025, ulipotimia mwaka wa 1700 tangu mtaguso ule wa Nikea, hesabu zote mbili zilikutana tarehe 20 Aprili.

Nimeanza na mwezi kwa makusudi, kwa kuwa nataka kunena juu ya usiku. Wengi wetu huidhania Pasaka kuwa ni Jumapili asubuhi, ya nguo mpya na kwaya, na baada ya misa ni pilau na chapati. Hali katika taratibu za Kanisa asubuhi hiyo ni mwangwi tu, na sikukuu yenyewe ni usiku unaotangulia. Na sidhani kama nimewahi kuona mahali ambapo usiku huo husomeka waziwazi kuliko Kariobangi.

Kariobangi ni mtaa wa Nairobi ya mashariki, ng'ambo ya barabara ya Outer Ring, uliozaliwa katika miaka ya 1960 kwa mpango wa kuwagawia viwanja watu walioondolewa katika vibanda vya katikati ya mji, nao wakajijengea wenyewe kadiri ya uwezo wao. Leo umejaa maghorofa ya vyumba vya kupanga, yaitwayo ploti, soko, na karakana za Light Industries ambako vyuma hugongwa toka alfajiri hadi magharibi. Upande mmoja una Korogocho, upande mwingine Dandora, na chini yake mitambo ya maji taka ya jiji. Parokia ya Kikatoliki ya hapo, ya Utatu Mtakatifu, ni ya Wamisionari wa Komboni, na waumini wake ni Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakamba na wengineo, ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kukutania mbele ya altare ila Kiswahili. Ikawa bahati njema kwamba mtaa ulipokuwa ukijengwa ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa 1962 hadi 1965, ulipoiruhusu ibada ifanywe kwa lugha za watu.

Krismasi, waama, si sikukuu ya mtaa huu. Disemba ikifika nusu watu hufunga virago, nauli hupanda maradufu, mabasi ya kwenda magharibi na Ukambani hujaa hata pomoni, na mwenye kubaki mjini siku ya Krismasi huonekana kana kwamba amekosa kwao. Pasaka nayo ina wasafiri wake, lakini ni siku nne tu, toka Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, katikati ya masika, barabara za mashambani zikiwa matope na mfuko haujapona karo ya Januari. Kwa hiyo walio wengi husalia. Ndivyo ilivyo kwamba sikukuu iliyo kubwa kuliko zote katika imani huadhimishwa pale mtu anapoishi, baina ya majirani asiochaguliwa na ukoo. Kwa Mkristo wa Kariobangi, Krismasi ni ya nyumbani kwa baba yake, na Pasaka ni ya ploti.

Watu wa Nairobi husema kuwa Ijumaa Kuu haikosi mvua. Huo ni mzaha zaidi ya elimu ya anga, maadamu siku yenyewe huhama. Ila kwa kuwa haitoki nje ya majira ya mvua za masika, mzaha hupata ushahidi miaka mingi. Huko Ulaya Pasaka huja na majira ya kuchipua baada ya baridi, ndipo yalipozuka mayai ya rangi na sungura ambao maduka makubwa ya mjini hutuuzia bila ya mtu kujua wanatafuta nini. Kwetu Pasaka huja na matope, na matope nayo yana tafsiri yake: Alhamisi Kuu, padri anapopiga magoti kuwaosha miguu watu kumi na wawili kwa ukumbusho wa karamu ya mwisho, miguu hiyo Kariobangi haiwi safi kwa adabu tu, kwani imetoka njiani. Tangu Januari 2016, kwa amri ya Papa Fransisko, miguu hiyo yaweza kuwa ya wanawake pia, jambo ambalo mama wauza mboga wa mtaani wangelistahili zamani.

Ijumaa Kuu hakuna misa popote duniani. Kuna mfungo, kuna ibada ya alasiri ya kuuabudu msalaba, na asubuhi kuna Njia ya Msalaba. Ibada hii asili yake ni mahujaji wa Yerusalemu, na waliokuja kuieneza ni Wafransisko, waliokabidhiwa ulinzi wa mahali patakatifu mwaka 1342. Vituo vyake vikawekwa kuwa 14 na Papa Klementi wa 12 mwaka 1731, ili mtu asiyeweza kufika Yerusalemu aitembee njia ile ukutani mwa kanisa lake. Mitaa ya Nairobi imeirudisha njiani. Vijana huvaa kanzu na kofia za askari wa Kirumi zilizotengenezwa kwa maboksi, mmoja hubebeshwa msalaba wa mti ulio mzito kweli, na msafara hupita baina ya vibanda, jumuiya moja ikikabidhi kituo kwa jumuiya nyingine, kila moja ikiombea jambo lake: kijana aliyepigwa risasi, kodi, pombe haramu. Jumuiya hizi ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizifanya kuwa msingi wa kazi yao ya kichungaji katika miaka ya 1970, ndizo hasa zenye kuubeba msalaba ule. Padri hufuata tu na kipaza sauti. Watazamaji hucheka askari anapozidisha viboko, kisha hunyamaza. Na wachuuzi, Waislamu kwa Wakristo, husogeza meza ili umati upite.

Lakini turudi kwenye usiku. Mkesha wa Pasaka ulikuwapo tangu karne za mwanzo za Kanisa, kisha kwa dahari nyingi ukaharibika: ibada ilisogezwa mbele kidogo kidogo hata ikawa inafanywa Jumamosi asubuhi, padri na watumishi wachache wakiwasha moto mchana kweupe na kuimba habari za usiku mtakatifu ilhali jua li juu yao. Aliyekata shauri kuurudisha gizani ni Papa Pius wa 12, kwanza kwa majaribio mwaka 1951, kisha kwa marekebisho ya juma kuu zima mwaka 1955. Maana yake ni kwamba Kariobangi, ambayo haikuwapo wakati huo, haijapata kuijua Pasaka isiyo ya usiku.

Ibada huanza nje, taa zimezimwa. Moto mpya huwashwa na kubarikiwa, kisha huletwa mshumaa mkubwa ambao padri huuchora msalaba, herufi za Alfa na Omega, na tarakimu za mwaka ulio sasa, na kuuchomeka punje tano za ubani kwa idadi ya majeraha ya Kristo. Mshumaa huingia kanisani mbele ya watu wote, na kutoka kwake nuru husambazwa kwenye mishumaa midogo, mkono kwa mkono, hata kanisa zima likawaka bila ya taa. Hapo huimbwa Mbiu ya Pasaka, utenzi mrefu wa shangwe ambao hauoni haya kuwashukuru hata nyuki waliotoa nta. Hufuata masomo ya Agano la Kale, saba yakitimia, toka kuumbwa kwa ulimwengu, kwa kafara ya Abrahamu, hadi manabii. Na yote yakifupishwa, lile la Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu haliruhusiwi kuachwa. Ndipo kengele, zilizonyamaza tangu Alhamisi, hulia. Aleluya, iliyozuiwa Kwaresima nzima, hurudi. Na maji hubarikiwa, mshumaa ukizamishwa ndani yake, ili wakatekumeni, yaani wanafunzi wa ubatizo, wabatizwe.

Sasa, mtu aketiye mahali ambapo maji hutoka akigeuza bomba na taa huwaka akigusa ukuta, yampasa aelezwe kwamba hivi ni vielelezo. Mkazi wa Kariobangi haelezwi. Moto kwake ni makaa ya mkebe, nuru ni tokeni ya umeme ikwishapo kabla ya mwisho wa mwezi, na maji ni mitungi ya lita 20 iletwayo kwa mkokoteni siku mfereji unapokauka. Vitu vitatu ambavyo Kanisa liliviteua ili kunena yasiyoneneka ndivyo vile vile anavyovihesabu kila jioni, naye ajua thamani ya kila kimoja kwa shilingi. Anapomwona padri akimimina maji hayo bila ya kuyapima juu ya vichwa vya watu, na kuwanyunyizia mamia waliosalia, haoni ishara ya ukarimu. Anauona ukarimu wenyewe.

Na wabatizwao si watoto wachanga peke yao. Miongoni mwao huwamo watu wazima, mafundi, watumishi wa nyumbani, wanawake waliolelewa katika madhehebu mengine au pasipo dhehebu lolote, waliofundishwa na katekista kwa muda mrefu, aghalabu Jumapili alasiri baada ya kazi. Huvaa nguo nyeupe, wakapakwa krisma, wakapokea Ekaristi usiku ule ule. Na vigelegele vya wasimamizi wao huwashinda hata wanakwaya. Kristo afufukaye usiku ule hafufuki peke yake, ndiyo itikadi. Na watu hawa ndio ushahidi unaooneka.

Mtaa umewahi kukosa usiku huo. Mwaka 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na tangu 27 Machi hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje baina ya saa moja ya usiku na saa kumi na moja ya alfajiri. Pasaka ilipofika, tarehe 12 Aprili, mkesha ulisikilizwa redioni. Mwezi wa Mei, kipindi cha Pasaka cha siku 50 kikiwa hakijaisha, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu kandokando ya mitambo ya maji taka, katika mvua na katika marufuku ile ile ya kutoka nje. Mwaka 2021 ibada zikasimamishwa tena Nairobi siku chache kabla ya Pasaka. Wapo waliosubiri ubatizo kwa miezi mingi kwa sababu hiyo.

Wakatoliki si wote walio mtaani, hata sijasema hivyo. Waanglikana na Wapresbiteri wana Ijumaa Kuu yao ya mahubiri. Legio Maria, waliojitenga na Wakatoliki katika miaka ya 1960 na kuhifadhi Kilatini katika sala zao, hupita na kanzu za rangi. Waakorino hupiga ngoma zao wakiwa na vilemba vyeupe. Na makanisa ya Kipentekoste, yasiyojali Kwaresima, hukesha kwa vipaza sauti ambavyo mshumaa hauwezi kushindana navyo.

Limebaki jambo moja lenye ubishi. Zipo parokia za mjini ambazo, kwa hofu ya wezi na kwa shida ya matatu za usiku, zimeanza kuuleta mkesha saa kumi na moja ya jioni, yaani kuurudia ule upotovu alioufuta Papa Pius. Hofu hiyo siidharau, kwa kuwa njia ya kurudi Korogocho saa sita ya usiku si ya kumpeleka bibi kizee. Walakini kanuni haisemi saa sita: yasema tu kwamba ibada isianze kabla ya usiku kuingia wala isiishe baada ya kupambazuka. Mwenzetu wa Ulaya ya kaskazini, katika Aprili, hulazimika kungoja karibu saa tatu ndipo kuwe na giza. Sisi tulio jirani na ikweta jua hututoka kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na saa moja ni usiku mtupu. Moto ukiwashwa saa moja, watu wakaweza kuwa majumbani kabla ya saa nne, masomo saba yote yakiwa yamesomwa. Kama ni lazima kitu kipunguzwe, na yapunguzwe mahubiri. Na matangazo ya harambee yangoje misa ya Jumapili asubuhi.