Wimbo wafanya kazi ya saa kwa watoto wa chekechea Kwale

MTOTO wa miaka minne hajui dakika tano ni kitu gani. Mwalimu wa chekechea huko Diani au Msambweni akimwambia zimesalia dakika tano aache mchanga aende kunawa mikono, huwa amemweleza jambo lisilo na maana kwake. Ndiyo sababu vilio huzidi nyakati za kuacha shughuli moja na kuingia nyingine: anapoagana na mama langoni, mchezo unapokoma, usingizi unapotakiwa.

Zamani jawabu lilikuwa kiboko. Serikali ilipiga marufuku adhabu hiyo katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini ukali wa sauti haukupigwa marufuku, na wapo wanaoutegemea hadi leo.

Wimbo hufaa zaidi. Mtoto aliyezoea kuusikia kila siku kabla ya kunawa hujua unakoanzia na unakoishia, hivyo hujua amebakiwa na muda gani. Sharti uwe ule ule. Mwalimu anayebadilisha nyimbo kila wiki ili kuwafurahisha wageni huivunja saa hiyo. Wa kukusanya vifaa huwa wa haraka. Wa kulala huimbwa polepole, sauti ikishuka hadi karibu na mnong'ono. Wa kunawa uchukue angalau sekunde 20, muda ambao wataalamu wa afya hupendekeza mikono isuguliwe kwa sabuni.

Maarifa haya hayahitaji kuagizwa ng'ambo. Mradi wa chekechea za madrasa, ulioanzishwa Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi wake, ulitumia nyimbo na hadithi za wenyeji, na vifaa vya kuchezea vilivyotokana na vitu vilivyopatikana papo hapo. Baadaye ulienea Zanzibar na Uganda.

Linalokwaza ni lugha. Sera ya elimu yataka watoto wa umri huu wafunzwe kwa lugha ya eneo lao, na Kwale hiyo ni Kidigo, Kiduruma au Kiswahili. Hata hivyo, si ajabu kusikia darasa zima likiimba kwa Kiingereza. Mtoto asiyeelewa maneno huinuka kwa kuwa jirani yake ameinuka, wala hajui aendako. Mwalimu aliyetoka mbali anaweza kumwomba nyanya wa kijijini amfunze nyimbo za kubembelezea watoto, kisha awaeleze wazazi ni upi unaoimbwa darasani wakati wa kulala, ili usiku nyumbani mtoto ausikie huo huo.