Ukipekuliwa Uwanja wa Ndege, Haki Zako Ni Zipi?

Zamani safari ya ndege ilikuwa ya wakubwa wachache. Leo mama anapanda ndege kwenda kumwona mjukuu wake Marekani, binti anapitia Doha au Dubai akielekea kazini Oman, na mgonjwa anapelekwa India kutibiwa. Wote hao lazima wapite mbele ya maofisa wa usalama. Je, unajua ni jambo gani unalopaswa kukubali pale, na ni lipi unaloweza kukataa?

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kugusa miili ya watu kila siku. Kwa hiyo jambo hili nalitazama kwa jicho la wodini.

Kwa nini tunapekuliwa?

Upekuzi una sababu yake. Tarehe 25 Desemba 2009, kijana mmoja alipanda ndege kutoka Amsterdam kwenda Detroit, Marekani, akiwa ameshona baruti ndani ya chupi yake. Baruti haikulipuka sawasawa, na abiria wenzake walimkamata. Mashine za kawaida za kutambua chuma hazikuweza kuiona. Baada ya hapo viwanja vingi viliongeza mashine za kumulika mwili mzima, na mwaka 2010 Marekani ilianza upekuzi wa mkono ulio mkali zaidi, unaofika mpaka mapajani na kifuani.

Wananchi walilalamika sana. Mwaka huohuo, katika uwanja wa Charlotte, mhudumu wa ndege aliyewahi kuugua saratani ya matiti alitakiwa kutoa titi lake la bandia na kulionyesha. Huko Detroit, mzee aliyepona saratani ya kibofu alipekuliwa kwa nguvu hata mfuko wake wa mkojo ukamvujia, akapanda ndege nguo zikiwa zimelowa. Mkuu wa idara husika alimpigia simu kumwomba radhi. Malalamiko ya namna hii yalizaa matunda: kufikia mwaka 2013 mashine zilizokuwa zikionyesha mwili kama ulivyo ziliondolewa katika viwanja vya Marekani, na zilizobaki huonyesha mchoro tu wa umbo la mtu. Basi kulalamika kwa utaratibu si utovu wa adabu. Kunasaidia hata wale watakaopita kesho.

Yaliyotokea Doha

Lakini liko tukio jingine lililozidi hayo. Tarehe 2 Oktoba 2020, kichanga kiliokotwa ndani ya pipa la taka katika uwanja wa Hamad, Doha, nchini Qatar. Kwa bahati kilikuwa hai. Maofisa wakaanza kumtafuta mama yake kwa njia ya ajabu: wanawake walishushwa kutoka katika ndege kumi. Katika ndege iliyokuwa ikienda Sydney peke yake walishushwa wanawake 18, na 13 kati yao walikuwa Waaustralia. Baadhi walipelekwa ndani ya magari ya wagonjwa yaliyoegeshwa kiwanjani, wakaambiwa wavue nguo za ndani, wakapimwa sehemu za siri ili ionekane kama wametoka kujifungua. Wanawake hao walisema hawakuelezwa sababu wala hawakuombwa idhini.

Serikali ya Qatar iliomba radhi, na ofisa mmoja alishtakiwa na kupewa kifungo cha nje. Wanawake watano hawakuridhika, wakafungua kesi Australia. Aprili 2024 jaji alitupilia mbali madai yao dhidi ya shirika la ndege, kwa maelezo kwamba yaliyotokea ndani ya gari la wagonjwa hayakuwa sehemu ya kupanda wala kushuka ndege, kama unavyotaka Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaolinda abiria. Wanawake wakakata rufaa. Julai 2025 majaji wa rufaa waliwaruhusu waendelee na kesi yao dhidi ya shirika hilo. Miaka mitano kasoro, na hawakuchoka!

Upekuzi si kipimo cha hospitali

Akina mama, tuelewane hapa. Ofisa wa usalama anatafuta silaha au baruti. Anakupapasa juu ya nguo. Kuingiza kidole au chombo mwilini mwa mwanamke si kazi yake hata kidogo.

Kipimo cha njia ya uzazi ni kazi ya tiba, nayo ina masharti ambayo kila muuguzi hufundishwa chuoni. Kwanza mgonjwa anaelezwa kitakachofanyika na sababu yake. Pili anaulizwa kama anakubali, na akisema hapana, inabaki hapana. Tatu panawekwa pazia, na anakuwepo mwanamke mwingine wa kumsindikiza. Joho jeupe halimpi mtu ruhusa ya kuyaruka masharti hayo, hata kama ameamriwa na mwenye bunduki. Nikisoma habari za Doha, kinachoniuma zaidi ni kwamba mkono uliotumika ulikuwa wa watu wa fani yangu. Mtoto aliyetupwa alistahili kutafutiwa mama yake, lakini heshima ya wanawake wengine haikuwa njia ya kumpatia.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda nafsi ya mtu na maisha yake binafsi. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja wazi haki ya mtu kutopekuliwa ovyo. Sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za nchi zote mbili zinaagiza kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa kuzingatia staha.

Mambo ya kukumbuka safarini

1. Omba upekuliwe na mwanamke. Katika viwanja vya Marekani huo ndio utaratibu, na huhitaji kuona haya kuutaja.

2. Unaweza kuomba chumba cha faragha na kuingia na mtu wako. Usikubali kupelekwa pembeni peke yako ikiwa una mwenzako wa kukushuhudia.

3. Ukivaa hijabu, kilemba au wigi, omba ukaguliwe faraghani kama ofisa anataka kuvivua.

4. Kama una titi la bandia, mfuko wa choo au mkojo, au kidonda cha upasuaji, mwambie ofisa kabla hajakugusa. Cheti cha daktari husaidia kueleza hali yako.

5. Mama anayenyonyesha anaweza kupita Marekani na maziwa yake aliyokamua hata yakizidi mililita 100. Yataje mapema, yakaguliwe peke yake.

6. Mtoto asitenganishwe nawe. Mweleze mapema kwamba shangazi fulani atamgusa juu ya nguo, na mama atakuwa anatazama.

7. Ukikataa upekuzi wa kawaida, unaweza kuzuiwa kusafiri. Lakini ukiambiwa uvue nguo za ndani au upimwe mwilini, uliza: kwa sababu gani, kwa sheria gani, na nani ameamuru? Ukizuiliwa ugenini, omba ubalozi wako upewe taarifa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unakupa haki hiyo.

8. Ukionewa, andika siku hiyohiyo: saa, mahali, jina au namba ya ofisa, na majina ya walioona. Kisha peleka malalamiko kwa maandishi.

Dada zangu, wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mtoto wa kike mwenye adabu hanyanyui sauti mbele ya wakubwa. Adabu ni njema, nasi tuendelee kuifundisha. Ila binti anayefunga sanduku lake kwenda ughaibuni umfundishe pia sentensi moja ya kusema kwa upole na bila kutetemeka: “Samahani, sijakubali. Naomba nielezwe kwanza.” Mfundishe kabla hajapanda ndege, kwa maana akishafika kule huenda usiwepo wa kumsemea.