Kuvuka Ruvuma si kurudi nyuma ya wakati

Sehemu ya tamthilia ya Star Trek iitwayo The City on the Edge of Forever, iliyoandikwa na Harlan Ellison, ilioneshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 6 Aprili 1967, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo. Daktari McCoy, akiwa amepagawa na dawa aliyojidunga kwa bahati mbaya, anarukia ndani ya lango la ajabu ambamo historia inapita kama mkanda wa filamu, na anatokea New York ya mwaka 1930. Huko anamwokoa mwanamke aitwaye Edith Keeler asigongwe na lori. Kwa kuwa Edith ameishi, harakati zake za amani zinaichelewesha Marekani kuingia vitani, Ujerumani ya Hitler inatangulia kupata bomu la atomu, na chombo cha angani walichokuja nacho wenzake McCoy kinatoweka kana kwamba hakikuwahi kuundwa. Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno la Kiswahili uhuru, anabaki kando ya lango huku Kapteni Kirk na Spock wakiingia kurekebisha mambo. Kirk anampenda Edith, na hata hivyo analazimika kumzuia McCoy asimwokoe.

Hadithi nzima imejengwa juu ya sharti moja: anayerudi nyuma hulikuta tukio halijatokea, na anaweza kulizuia. Sharti hilo ndilo linalosahauliwa kila linapoulizwa swali ambalo huko Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, halichoki kurudi: mtu anayevuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji hurudishwa saa nzima, je, hajasafiri katika wakati? Hajasafiri. Jibu hilo limetolewa mara nyingi mno, na swali bado linaishi kwa sababu muulizaji ana ushahidi mkononi, yaani saa ya simu yake.

Ushahidi huo ni rahisi kuupima. Daraja la Umoja, linalounganisha Mtambaswala upande wa Tanzania na Negomano upande wa Msumbiji, lilifunguliwa mwaka 2010 na lina urefu wa mita 720. Mtembea kwa miguu hulimaliza kwa dakika kumi hivi. Akianza kulivuka saa nne na nusu asubuhi kwa saa za Tanzania, ng'ambo atafika saa tatu na dakika arobaini kwa saa za Msumbiji. Sasa, korosho zake zilizoanikwa Masasi zilinyeshewa saa nne na robo asubuhi hiyohiyo. Kwa imani ya kurudi nyuma, mvua hiyo bado haijanyesha. Zimebaki dakika thelathini na tano. Basi na ampigie simu mkewe azianue. Mke atapokea, na atamwambia zimeshalowa. Wawili hao wanaongea katika nukta moja ya wakati, huyu anasikia pumzi ya yule, na saa zao zinatofautiana kwa sababu serikali mbili zimeamua hivyo. Simu moja ya namna hiyo ingetosha kumaliza ubishi wa miaka.

Jua nalo halijui mpaka. Kutoka Shimo la Mungu, pale Newala ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini, mtu huona nchi zote mbili zikiwa chini ya mwanga uleule. Newala iko karibu nyuzi 39.3 mashariki. Jua hupita nyuzi 15 kwa saa, hivyo wastani wa adhuhuri ya kweli hapo ni kama saa sita na dakika 23 kwa saa za Tanzania, na saa tano na dakika 23 kwa saa za Msumbiji. Hakuna upande ambao saa sita kamili huangukia jua la utosi. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45, ambayo haigusi Tanzania kabisa. Inapita Somalia, karibu na Mogadishu. Hata Masasi na Newala, zingefuata jua peke yake, zingepishana kwa takriban dakika mbili, na hakuna abiria wa basi kati ya miji hiyo anayedai kuwa amekuwa kijana kwa dakika mbili.

Imani hii ina pacha wake, ile ya kwamba anayeruka kwa ndege kwenda magharibi hupunguza umri. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa nne za atomu duniani kote kwa ndege za abiria, mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Zikilinganishwa na saa zilizobaki ardhini, za safari ya mashariki zilichelewa kwa sehemu 59 za bilioni za sekunde. Za safari ya magharibi zilitangulia kwa sehemu 273. Msafiri wa magharibi, anayeambiwa na saa za ukutani kwamba amerudi nyuma, ndiye aliyezeeka zaidi.

Hapo ndipo penye safari ya kweli, na inakwenda mbele tu. Einstein alionesha mwaka 1905 kwamba mwendo hupunguza kasi ya saa, na baadaye kwamba uvutano nao huipunguza. Kwa hiyo anayeishi mita 700 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho Newala inakifikia, huzeeka haraka kuliko aliye ufukweni Mtwara kwa takriban sehemu 2.4 za milioni ya sekunde kila mwaka. Katika maisha ya miaka 70 tofauti haifikii hata sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Ni ndogo, lakini inapimika, na ramani ya simu isingefanya kazi bila kuijali: saa za setilaiti zinazoongoza ramani hizo zingetangulia zile za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na kosa la mahali lingeongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku.

Kuyaona yaliyopita ni jambo jingine, na Newala inalijua tangu zamani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya sinema, akanasa nyimbo katika mitungi ya nta na kupiga picha za ngoma zikichezwa. Waimbaji hao wanaweza kusikika leo. Hawawezi kuonywa kuhusu mwisho wa Vita vya Majimaji, vilivyokuwa vikiendelea kusini siku hizohizo, wala kuhusu chochote kilichofuata.

Kurudi hasa kumebaki katika hesabu. Kurt Gödel alipata mwaka 1949 jibu la milinganyo ya Einstein linaloruhusu njia ya kujirudia, lakini kwa ulimwengu unaozunguka wote kwa pamoja, na vipimo vya anga havioneshi mzunguko huo. Stephen Hawking alipendekeza mwaka 1992 kwamba kanuni za fizikia zenyewe huzuia safari hiyo.

Kwa anayevuka wiki hii: zima upangaji wa saa wa simu unaojiendesha, maana simu ikidaka mnara wa ng'ambo hujirudisha saa nzima na kengele ya alfajiri italia kwa kuchelewa. Ukipanga miadi, taja nchi pamoja na saa. Anayehesabu kwa Kireno mwambie saa tisa anazozijua yeye ndizo saa tatu asubuhi za Kiswahili. Ukirudi, ongeza saa moja kabla ya kuulizia basi la mwisho.